Lisiti yenye kushuka na jina yenye siwezi kugusa

Alhamisi, saa tisa ya muchana. Jua inachoma mpaka kuku zinatembea na mudomo wazi. Mawingu iko kule juu ya ziwa, upande wa Chienge, imesimama pale tangu Jumatatu kama mugeni mwenye kungoja bamuambie "karibu". Mvua hainyeshi. Upepo ikija, inatuletea harufu ya chisense, zile samaki ndogo, zenye kukauka. Ikienda, inatuachia ile harufu.

Nimechoka.

Sikuchoka na jembe, shajara, usinisifu bure. Jembe iko ku ukuta tangu wiki mbili, na inaanza kufanana na mimi: kavu, yenye kuinama, hakuna mwenye kuiuliza maoni. Nimechoka na kidole. Hii kidole kubwa ya mukono ya kuume. Wiki hii imegusa kioo ya telefone kuliko vile imegusa bukari, ugali yetu.

Kwa benye kufika hapa mara ya kwanza (wiki yenye kupita mulikuwa bantu bane, na mumoja alikuwa mimi mwenyewe, nikiangalia kama munakuja): mimi ni muzee, nilitoka ngambo ya ziwa, upande wa Pweto, nikakimbia vita, na sasa ninalima mihogo mu kambi yetu ya bakimbizi, mbali kidogo na Nchelenge. Masomo yangu iliishia mwaka wa ine, kwa bapadri. Mwalimu alisema kichwa yangu ni kama kikapu, maji yote inapita. Me, ni kusema lakini, kikapu inabakisha samaki. Hiyo hakuisema.

Mwenye kusoma ni binti yangu, Nadeje. Alisomea kompyuta kule Kitwe, akarudi na miwani, na laptop, na tabia ya kunijibu mbele sijauliza. Yeye njo alinifungulia hii ukurasa. Alisema: "Baba, ile yote yenye unanisumbua nayo ku meza, andika hapa."

Bon. Ninaandika.

Kazi ni hii. Dokta ba macho banakuja ku hospitali ya Nchelenge, kupasua bazee benye kuwa na mutoto ya jicho, ile ukungu nyeupe yenye kufunika macho polepole mpaka giza. Banakuja siku chache tu na banaenda. Mara ya mwisho, karatasi ya majina yetu ilipotea njiani, na bazee ba kwetu balibaki. Nadeje akasema, karatasi tena hapana. Akatengeneza aplikasio ya telefone. Kila bloki ya kambi iko na mutu mumoja wa kuandika bagonjwa. Bloki ya ine, ni mimi.

Majina ya bantu bote ba kambi iko tayari ndani. Unaandika herufi mbili, tatu, na lisiti inashuka chini yake na majina yenye kuanza vile. Unagusa jina. Unachagua jicho: ya kuume, ya kushoto, zote mbili. Unatuma. Kuandika jina muzima na mukono, Nadeje alikataza, juu ya vile mumoja ataandika Mwansa, mwingine Muansa, mwingine Mwanza, na ku hospitali batafikiri ni bazee batatu, kila mumoja na jicho yake moja.

Mbele ya kuipatia bengine, alinipatia mimi nijaribu.

"Baba, kama weye utaweza, kila mutu ataweza."

Batoto ba leo banatukana bazazi na heshima kabisa.

Na nilimufanyisha kazi, usifikiri. Siku ya kwanza lisiti ilishukia nyuma ya klavie, ile mbao ya herufi yenye kutoka chini ya kioo. Majina ilikuwa imejificha kule kama batoto benye kuvunja nyungu. Nikamuambia: "Lisiti yako iko na haya." Akaipandisha. Siku ya pili nilitaka kuivuta, nione majina ya chini. Nikiweka kidole tu, inafikiri nimechagua, inajifunga. Vile njo nilimuandika mutoto wa miezi tatu, apasuliwe jicho zote mbili.

Kisha rezo, mutandao ya telefone. Hapa kwetu rezo inatembea na fimbo. Niliandika K, nikaandika A, nikaandika B. Lisiti ya KAB ikafika, muzuri, majina sita. Nikitaka kugusa, lisiti ya K, yenye ilikuwa ingali njiani, inafika sasa, inafukuza ile ingine na inakaa. Kama muzee mwenye kuchelewa ku kilio na anataka kiti ya mbele. Nadeje aliifundisha aplikasio kukataa jibu yenye kuchelewa. Na telefone nayo inajifanya mwalimu: niliandika Kasongo, ikanisahihisha, ikaweka Casino. Mimi! Mutu wa kanisa! Akaizima ile ualimu.

Kwa hiyo Jumamosi tulikuwa na aplikasio yenye kutembea. Tukaingia mu bloki zetu, baandikaji sita.

Jumatatu asubui, Mama Feza akafika.

Mama Feza ni jirani, anakausha chisense na anauza. Alikuwa anashika telefone yake mbali na mwili, kama mutu mwenye kushika nyoka ku mukia. Mule ndani kulikuwa ujumbe: umeandikwa kwa kupasuliwa, jicho zote mbili.

"Weye muzee! Nani alikuambia mimi sioni?"

"Mama Feza, karibu kwanza."

"Hakuna karibu! Ninaona bukari ku ndevu yako. Ninaona mpaka uongo yako mbele haijatoka ku mudomo!"

"Bon, bapasue moja tu. Ile yenye kuangalia mambo ya majirani."

Nilicheka pekee yangu. Nadeje hakucheka. Alifungua laptop, akaangalia lisiti yote ya kambi, na nikaona mabega yake inashuka. Bantu kumi hivi benye macho muzima baliandikwa, ao bagonjwa benye kuwa tayari mule baliandikwa mara ya pili. Na bazee kumi hivi, vipofu kabisa, benye hata mbuzi za kambi zinajua kwamba ni vipofu, habamo.

Mumoja wa benye kukosa ni nkambo, nyanya wa Nadeje. Mama ya bibi yangu, ule nilimuoa.

Bibi yangu alikufa, Mungu amupumuzishe, ni miaka sita sasa. Mama yake alibaki kwetu, nyumba ya pili kutoka yangu. Macho yake zote mbili imekuwa nyeupe. Anajua sufuria na mukono, anajua bantu na hatua. Mwaka jana aliangukia mu moto, na mukono ya kushoto iliungua mpaka ku kiwiko. Nadeje anafunga ile kidonda kila jioni na haimalizi kupona. Alikwisha kupita miaka makumi munane. Kama hii safari ya badokta inamupita tena, sijui atangoja ingine na nini.

Ku hospitali balijibu wazi: lisiti yenye kuchanganyikana habapokei. Iletwe safi, mwisho Alhamisi saa sita ya muchana. Kama hapana, batapasua benye kufika pale na miguu yao. Sasa kipofu wa kambi, atafika Nchelenge na miguu gani?

Jumanne Nadeje aliketi na ile makosa, moja moja, na akaona kitu. Kila mutu mwenye kuandikwa bure, jina yake iko chini ya jina ya mwenye kukosa. Musitari moja chini, ao mbili. Akanionyesha polepole (kama mwalimu wangu angekuwa na roho hii ningefika mwaka wa tano): ukigusa jina, klavie inashuka wakati ile ile, lisiti inaruka, na kidole inaangukia musitari ingine. Kosa ilikuwa ya kweli. Niliiona na macho yangu. Akaitengeneza mu saa mbili. Nikajaribu majina makumi mbili mbele yake, na yote makumi mbili ilienda sawa. Alicheka, akakula vizuri, akatumia bote sita versio mupya, tukaandika tena bale benye kukosa.

Jumatano asubui: vile vile.

Nkambo hamo. Mama Feza yumo, mara ya pili. Safari hii hakuja kunitukana. Alipita tu njiani akiimba polepole wimbo yenye alitunga mwenyewe, juu ya muzee mwenye kutaka kung'oa macho ya bajirani.

Sasa nitaungama, shajara, juu ku padri ni mbali na jua ni kali.

Nilijua.

Tangu Jumatatu nilijua, wakati Mama Feza alikuwa angali ku mulango.

Kwetu, mukwe haiti jina ya mama mukwe. Hamuangalii uso. Akikutana naye njiani, anaingia mu majani mpaka apite. Miaka makumi ine na kitu sijatamka ile jina, hata mu sala; Mungu anajua ninasema nani. Hapa pia sitaiandika. Na weye mwenye kusoma, najua unaanza kuhesabu majina yenye kukaa juu ya Feza. Acha. Utapoteza heshima na hautapata zawadi.

Kuko siku yenye bazee banapika, banakuita, banakufungulia ile kamba ya haya. Tangu pale unaweza kula mbele ya mama mukwe, unaweza kusema naye. Yangu ilikuwa inakaribia. Kisha tukasikia bunduki, tukapita ziwa usingizi ungali mu macho, kila mutu na mutumbwi yenye alipata. Bazee benye kunifungulia, bengine balikufa, bengine sijui balifika wapi. Nikabaki nimefungwa. Niko bwana harusi mwenye haya tangu wakati nilikuwa na nywele.

Kwa hiyo Jumapili, kisha misa, nilikaa pekee yangu mu nyumba na telefone. Niliandika herufi ya kwanza. Niliandika ya pili, jasho inatoka. Lisiti ikashuka. Na yeye ule pale, jina muzima, nyeusi, wazi, kama mutu mwenye bamefungulia mulango akiwa anaoga.

Kusema jina ni vibaya. Sasa kuitia kidole? Hii kidole yenye kupasua samaki, nimutoboe nayo mama ya bibi yangu mu uso?

Nikafanya vile ninafanya njiani. Niligeuza uso ku ukuta. Na uso ku ukuta, nikagusa.

Nikasikia "tik". Sikusoma. Nikachagua jicho zote mbili, nikatuma, nikajisifu.

Kwa nini nilinyamaza siku zote hizi? Haya, njo ya kwanza. Muzee mwenye kucheka lisiti kwamba iko na haya, kumbe haya iko mu kidole yake. Ya pili ni mubaya kuliko ile. Wakati Nadeje alipata kosa ya klavie, nilifurahi. Nilijiambia, pengine ni klavie kweli. Mutu akipata mwenye kumubebea muzigo, hamuulizi kama ni mutu ao ni klavie. Nilijaribu majina makumi mbili mbele yake, na hata moja haikuwa ya bukwe. Na mangaribi ya Jumanne, na versio mupya, niliingia tena mu nyumba, nikageuka tena ku ukuta. Klavie ilipona. Mimi hapana.

Yenye ilinivunja ni jana. Nadeje hakugusa chakula. Alikuwa anasoma ile kodi yake, maandishi yenye kutembeza aplikasio, musitari kwa musitari, na mudomo inatembea kama mutu wa rozari. Kisha akaondoa miwani, akasema polepole, hata hakusema na mimi: "Pengine miye njo sijui kazi." Nilimuona vile nilimuona akiwa mudogo, siku ya kwanza ya masomo hapa, batoto bakimucheka kwa kibemba na yeye haelewi.

Muchana aliita baandikaji bote sita ku nyumba yetu. Kila mumoja aandike majina tano mbele yake, aone kidole inafanya nini. Bakaandika. Yote sawa. Aplikasio ilikuwa na tabia njema kama mutoto mbele ya bageni. Nadeje alishika kichwa. Mimi nilikuwa ku kona, ninachemuka kama maharagi.

Pale kulikuwa Ilunga wa bloki ya mbili, mutu munene, mwenye kujisifu kwamba haogopi hata kiboko. Nikamuambia:

"Ilunga, sasa andika mama ya bibi yako."

Ilunga akaangalia telefone. Akaangalia mulango.

"Muzee, unatafuta nini kwangu?"

"Kidole yako. Nataka kuiona ikitembea."

"Ule… ule nilimupatia jirani amuandike."

"Jirani gani? Ule mwenye hajui kusoma?"

Nyumba yote ikacheka. Ilunga hakucheka. Jasho ilimushuka ku shingo, na telefone akaiweka pa meza kama yai. Kisha kicheko ikakauka yenyewe, juu kila mutu alikuwa anaangalia miguu yake.

Mwenye kusema wa kwanza ni Mwape wa bloki ya sita. Mwape ni Mubemba wa hapa ku ziwa, aliolewa na mutu wa kwetu. Alifunika mudomo.

"Batata, baba zangu, mimi nilifunika kioo na chitenge, nikagusa juu ya kitambaa. Tatafyala iko mu ile lisiti."

Tatafyala ni baba ya bwana yake. Mwape alipapasa baba mukwe gizani, akaandikisha fundi wa baiskeli.

Mwingine alifunga macho. Mwingine alimuachia Mungu, akagusa kati kati. Na bote balikuwa banaficha na kusema "ni aplikasio", kama mimi.

Pale nikasimama. Nikasema: "Nadeje, mama, klavie haina kosa. Ni mimi." Na nikasema yote, ukuta na "tik" na Mama Feza.

Nadeje akahesabu na vidole.

"Baba. Siku tatu."

"Ine," nikasema. "Ukihesabu Jumapili."

Mudomo hii itanizika.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Aliuliza tu: "Nkambo angebaki mu giza juu ya heshima yako?"

Nilitaka kumuambia hii heshima ni ya kwake Nkambo, haiko yangu. Me kipofu haoni kama ninageuza uso. Sasa, miaka hii yote ya giza yake, nilikuwa ninageuzia nani?

Nilifikiri atatufukuza bote. Nadeje mwenyewe hana ile shida: mujukuu na nkambo banacheza, banatukanana, anaita ile jina siku muzima akitaka chumvi. Angeweza kuchukua telefone na kuandika bale kumi pekee yake, tukaenda kulala. Alikuwa ameanza. Kisha akaacha. Akasema hivi, na niliomba aseme tena niiandike: "Aplikasio ikimuomba mutu afanye kitu yenye hawezi, kosa ni ya aplikasio. Na kesho kutakuwa bakwe bengine, mu kambi ingine, na mimi sitakuwa pale."

Akauliza: "Basi mu nyumba munabaita namna gani?"

Ilunga akasema: "Hatubaiti."

Me tukifikiri, tunabaita. Tunapitia batoto. Nkambo wa Nadeje. Mama wa fulani. Mwape akasema kwao ni Bana fulani, njo ile ile. Na lisiti ya kambi iko na majina ya batoto na bajukuu ba kila nyumba, imelala mule, hakuna mwenye kuitumikisha. Kumbe jibu ilikuwa mu nyumba na sisi tulikuwa tunaangalia klavie.

Leo asubui aliniamsha na telefone mbele ya chai. Andika, Baba. Niliandika "Nkambo wa Na". Zikashuka tatu, zote Nkambo wa Nadeje! Kambi hii iko na Nadeje mingi kuliko mbuzi. Akaongeza bloki na namba ya nyumba. Sasa musitari ikawa murefu, kioo yangu ni mudogo, ikaikata: "Nkambo wa Nade", na vitone tatu. Bloki haionekani. Nikamuambia lisiti yako imemeza ulimi. Akaivunja ikuwe mistari mbili: juu mutu, chini bloki na nyumba. Akazima rezo, akawasha, akaifanya ichelewe makusudi, aone kama majibu itapigania kiti. Haikupigana. Jina ya kweli inaenda ku hospitali pekee yake, chini kwa chini, hakuna mukwe mwenye kuiona.

"Nkambo wa Nadeje. Bloki ya 4, nyumba ya 31."

Niligusa na macho wazi.

Bale batano nao baligusa. Saa sita kasoro robo lisiti ilikuwa safi, hakuna mwenye kuandikwa mara mbili, Mama Feza akarudishiwa macho yake. Na pale pale rezo ikakufa. Nadeje alitoka mbio, akapanda kichuguu nyuma ya kanisa, ile yenye bantu ba kambi banapandia kupigia ndugu, akanyanyusha telefone juu na mukono mbili. Mimi chini, ninashika ngazi ya kitu yenye haina ngazi, ninamuambia Mungu afanye haraka kwa mara moja. Niliangalia saa yangu, ilikuwa saa sita kasoro dakika ine. Imeenda.

Saa nane jibu ikafika: lisiti imepokelewa. Motokari itachukua bagonjwa Jumamosi asubui. Nkambo yumo.

Ningeishia hapa na kulala. Me kulikuwa sanduku ingine yenye lisiti ya kushuka: nani anasindikiza mugonjwa. Mutoto, mujukuu, jirani, mwingine. Nadeje atakuwa ku hospitali na laptop, kupokea bote, hawezi kushika mukono ya mumoja. Akaenda kumuuliza mwenyewe anataka nani.

Akarudi anauma mudomo, asicheke.

"Nkambo anasema: ule mutu mwenye kuweka ndoo ya maji ku mulango yangu kila asubui, anakohoa mara mbili na anakimbia, njo atanipeleka."

Tangu bibi yangu afe, maji ya mama yake ninaileta mimi. Ninaiweka, ninakohoa ajue iko pale, ninaenda. Nilifikiri anajua ni jirani. Miaka sita.

Nikasema haiwezekani, mukwe na mama mukwe mu motokari moja, bazee batasema nini. Nadeje akasema: "Bazee gani, Baba? Muzee ni weye." Na akaongeza kwamba Nkambo alisema pia ile kikohozi, pale pale ku hospitali, baiangalie.

Nikachukua telefone. Nikagusa "mwingine".

Niko ninafikiri Jumamosi. Mu motokari nitakaa mbele na dereva, yeye nyuma, hiyo ni rahisi. Kushuka, nitamupatia ncha ya fimbo ashike, nami nishike ncha ingine, hiyo pia inaweza kupita. Me Nadeje alinieleza yenye kufuata. Banapasua leo, banafunga na kitambaa, na kesho yake nesi anaondoa kitambaa polepole na anauliza: mama, unaona nani? Na mwenye kusimama pale mbele, kila mara, ni mwenye kusindikiza.

Mara ya mwisho aliona vizuri, nilikuwa na meno yote na binti yake alikuwa muzima. Sasa atafungua macho, atatafuta ule kijana mwenye kuoa kwake, na atakuta hii sura. Sijui nani kati yetu atakuwa na haya zaidi. Na sijui kama haya njo itakuwa kitu ya kwanza.

Nimechoka, ninaenda kulala mu kivuli. Me hii moja haitaki kulala: wakati nesi atamuuliza anaona nani, mimi nitakuwa nimesimama wapi?